Kilichomo Sahanini na Kinachofika Damuni



Mimi ni mfanyabiashara, si tabibu. Lakini biashara imenifunza kwamba mali iliyofika bandarini bado haijaingia ghalani. Ndivyo ulivyo mwili: chakula tulichomeza hakijawa chetu mpaka kipenye ukuta wa utumbo na kuingia damuni.

Kazi hiyo hufanyika hasa katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Humo maji ya kongosho huvunjavunja wanga, protini na mafuta, nayo nyongo itokayo kwenye ini huyatawanya mafuta yawe matone madogo. Ukuta wa ndani umejaa vijidole vidogo mno vyenye mishipa ya damu, navyo hufyonza sukari, vitamini na madini. Yaliyobaki huingia utumbo mpana, ambao hunyonya maji na chumvi.

Sasa tuzingatie jambo moja, hasa sisi tusiokula nyama. Madini ya chuma, yanayojenga damu, hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Chuma cha dengu, choroko na mchicha hufyonzwa kwa shida kuliko kile cha nyama. Chai inywewayo pamoja na mlo hukizuia zaidi, kwa kuwa tanini zake hukishika kisipenye. Bali vitamini C iliyomo katika ndimu, pera na nyanya mbichi hukisaidia kupita.

Hili si jambo dogo. Binti aliyevunja ungo na mama mjamzito huhitaji chuma kingi. Wakikikosa hupungukiwa damu, huchoka, na uzazi huwa wa hatari. Majirani wanaokula ugali, maharage na mchicha nao wamo katika hesabu hiyo hiyo. Vitamini B12 nayo, ifyonzwayo mwishoni mwa utumbo huo, haipatikani katika mimea. Basi maziwa na mtindi visikosekane nyumbani. Na anayechoka bila sababu akapimwe damu, kwani ndimu haichukui nafasi ya tabibu.

Baada ya ibada tutakula pamoja. Ndimu zitakuwepo mezani: kamulieni juu ya dengu. Chai itaandaliwa saa moja baadaye, wala haitapungukiwa utamu kwa kusubiri.

Nawatakia maadhimisho mema.