Ufundi Wetu Ni Kumbukumbu Yetu
Hotuba kwa familia zilizohama na viongozi wao, Kalemie



Anayekimbia vita hubeba mtoto, sufuria na nguo. Ninyi mlibeba pia ufundi wa mikono, na huo ndio tunaotaka kuuzungumzia leo.

Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa kushika mkononi, uliopambwa kwa shanga. Wajuzi wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole na kusimulia habari za wafalme na koo. Ubao ulikuwa mmoja, lakini kila msomaji alikuwa na masimulizi yake.

Watabwa wa kando ya ziwa letu walichonga safu za pembetatu, wakaziita balamwezi, yaani kuandama kwa mwezi mpya. Mwaka 1884 watu wa Mbelgiji Émile Storms, aliyekuwa na kituo Mpala, walimwua chifu Lusinga. Sanamu yake ilichukuliwa, na leo iko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Sanamu huweza kuporwa. Ufundi hupotea pale tu anayeujua asipomfundisha mwingine.

Bado unaweza kuzaa kitu kipya. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alitia alama za chale za kale kwenye shaba. Kazi hiyo ilionyeshwa Venice, Italia, mwaka 2015. Kwa alama za mababu anatukumbusha jinsi shaba ya Katanga ilivyochimbwa wakati wa ukoloni.

Lakini tuseme ukweli. Katika mapigano ya Waluba na Watwa, yaliyopamba moto mwaka 2016 na 2017, watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao. Kwa hiyo hatuwaombi kila kabila lijifungie na mila zake.

Viongozi, tunawaomba kivuli kimoja na siku moja kwa juma. Mluba alete kazi anayoijua, Mtwa alete yake, na watoto wa pande zote wajifunze kwa wote wawili. Na ninyi wamama, tunajua njaa haingoji. Mikeka na vikapu viuzwe, lakini kitu cha urithi kibaki nyumbani, na habari zake asimuliwe mtoto.

Mkono uliozoea kusuka pamoja na jirani hauwi mwepesi kushika mshale.