Salamu Kabla ya Fedha: Somo kwa Mwenye Kutaka Kununua Kiwanja

Haya ni maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Mbeya na Iringa. Someni kwa sauti, kila mtu fungu moja. Mwisho kuna maswali ya kujadiliana.

 

Huko Tukuyu watu huamkiana kwa kusema "ugonile". Huko Iringa husema "kamwene". Leo nataka kuwaonyesha kwamba salamu hizi zina thamani ya fedha, hasa kwa mtu anayetaka kununua kiwanja, shamba au nyumba ya kupangisha. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo yahitaji fedha tu. Fedha yahitajika, ndiyo. Lakini mwenye fedha asiyejuana na watu aweza kuipoteza yote kwa siku moja.

Hebu tumfikirie mtu mmoja. Mfano huu nimeutunga mimi, lakini mambo yaliyomo hutokea kweli.

Mtu huyu amefanya kazi miaka 30. Sasa amestaafu, naye amepata kiinua mgongo chake. Anataka kununua kiwanja pembeni mwa Uyole, ajenge vyumba sita vya kupangisha, ili apate kula katika uzee wake. Mwezi wa Septemba dalali anampeleka kuona kiwanja. Ardhi ni kavu na tambarare. Muuzaji ni kijana mpole. Anasema, "Baba yangu alifariki, akaniachia mimi." Mzee wetu anafurahi. Anaandikiana na kijana, dalali akiwa shahidi, naye analipa.

Mwezi wa Januari mvua inanyesha kwa nguvu. Maji yanashuka kutoka mlimani na kupita katikati ya msingi aliouchimba. Wiki ile ile mama mmoja anafika pamoja na binti zake wawili. Anauliza, "Baba, nani amekuuzia shamba letu?" Kumbe mjane wa marehemu yu hai. Kumbe warithi ni wanne, na mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi. Dalali haonekani tena. Kijana amekwisha kuitumia fedha. Mzee wetu amebaki na karatasi mkononi na msingi uliojaa maji.

Je, kosa lake lilikuwa nini? Si ujinga, maana alisoma na kufanya kazi. Si uvivu pia. Kosa lake ni kwamba katika mahali pale alijuana na watu wawili tu, nao wote wawili walitaka fedha yake.

Sasa turudi nyuma. Tufanye kwamba siku ile ya Septemba, kabla ya kulipa, mzee alikwenda peke yake kwenye nyumba ya jirani. Alimkuta mama wa makamo makubwa anapepeta maharage. Sikilizeni mazungumzo yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Hiki hapa kigoda, kaa."

"Asante, mama. Nimeambiwa kiwanja hiki kinauzwa. Nikasema nianze kwako wewe uliye jirani."

"Umefanya vema. Anauza nani?"

"Kijana wa marehemu."

"Yule ni mtoto wa tatu. Mama yake yuko Mbalizi kwa binti yake. Umemwona?"

"Bado, mama."

"Basi nenda kamwone kwanza. Tena, baba, rudi hapa mvua ikinyesha. Utaona maji yanapopita."

Mazungumzo hayo ni ya dakika tano. Hayakugharimu hata shilingi moja. Lakini yangeokoa kazi ya miaka 30.

Basi, ndugu zangu, ni watu gani hao wa kujuana nao?

Wa kwanza ni majirani wa pande zote nne. Hao ndio wanaojua mpaka ulipo: kwenye mti ule, kwenye mfereji, au kwenye mstari wa makatani. Wanajua kama kuna ugomvi. Wanajua pia maji. Pale Ipogolo, Iringa, mto wa Ruaha Ndogo unapita karibu na makazi ya watu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wakati wa kiangazi mtu mgeni aweza asione hatari. Jirani aliyekaa miaka 20 anaijua.

Wa pili ni viongozi wa mahali. Mjini ni mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Kijijini ni halmashauri ya kijiji. Kumbukeni kwamba katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, naye Rais ndiye mdhamini wake. Wewe hununui udongo wenyewe, unanunua haki ya kuutumia. Sheria mbili zinazotuongoza ni Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999. Zilianza kutumika mwaka 2001. Katika ardhi ya kijiji, halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, maana yake wanakijiji wote watu wazima. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Tumalizane mimi na wewe tu, wengine wasijue," ondoka upesi.

Wa tatu ni watu wa ofisi ya ardhi. Wengi huogopa kuingia humo. Msiogope. Kama kiwanja kina hati, omba upekuzi rasmi. Utaambiwa jina la mwenye hati, na kama hati hiyo imewekwa rehani benki. Kama kiwanja hakijapimwa, uliza kama mahali pale pamepangwa kuwa barabara, shule au soko. Mjue pia mpimaji mwenye leseni, akuonyeshe mawe ya mpaka kwa mkono wake.

Wa nne ni jamaa za muuzaji. Kama ana mke au mume, nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo. Kama ni mali ya urithi, taka kuona karatasi ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Kaa na mama wa nyumba, umsikie kwa masikio yako.

Wa tano ni wale waliotangulia katika kazi hii: wenye nyumba za kupangisha, mafundi, na wapangaji wenyewe. Mjini Iringa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilianza mwaka 2005. Mjini Mbeya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012. Wanafunzi wengi wanahitaji vyumba. Lakini wanataka vyumba gani? Fundi atakuambia bei ya matofali. Mwanafunzi atakuambia kwamba alihama nyumba nzuri kwa sababu maji yalikuwa mbali. Mama ntilie aliye kando ya njia panda ya Uyole, wanapogeuka wasafiri wa Tukuyu na Kyela, anajua wapangaji wapya wanatafuta upande gani. Uliza watu kama hao. Kuuliza si ujinga.

Mwaona, basi, kwamba kila mtu ana kipande kimoja cha habari. Hakuna mwenye habari zote. Anayejuana na wengi huunganisha vipande.

Sasa tutoke mjini, twende mashambani. Mtasema, "Nikisha kununua, yamekwisha." Sivyo. Tazameni Mufindi na Kilolo, mkoani Iringa. Katika miaka hii watu wengi wa mijini wamenunua mashamba huko wakapanda mipaini na mikaratusi. Mipaini yataka miaka mingi hata ifae kupasuliwa mbao. Katika miaka yote hiyo adui mkubwa ni moto. Kiangazi kikikaribia mwisho, watu huandaa mashamba, na moto mdogo wa jirani huweza kuvuka mpaka.

Fikirini wenye mashamba wawili. Mmoja alinunua, akapanda, akarudi Dar es Salaam. Wanakijiji hawamjui hata kwa sura. Mwingine huja kila mwaka. Huwaajiri vijana wa pale kulima ukanda wa kuzuia moto. Msiba ukitokea, hutuma rambirambi. Naye ana namba za simu za majirani. Moto ukiwaka saa nane mchana, ni shamba la nani litakalokimbiliwa kwa matawi mabichi na ndoo za maji? Mnalijua jibu. Jirani ni mlinzi asiyelipwa mshahara, lakini hulinda yule anayemheshimu.

Hata hivyo, nisemapo kujuana, msinielewe vibaya. Kuna kujuana kwa aina mbili. Kuna kujuana kwa kupeana habari za kweli, kushuhudiana na kusaidiana. Huko ndiko ninakokusifu. Tena kuna kujuana kwa kupita mlango wa nyuma: kumpa mtu kitu ili akupe kiwanja cha mwenzako, au afiche faili. Hiyo ni rushwa. Anayekufanyia hivyo leo kwa fedha yako, kesho atamfanyia mwingine dhidi yako.

Tena neno la mtu si hati. Rafiki akikuambia mambo ni safi, mshukuru, kisha uende ukahakikishe. Dalali naye msimdharau, ni mtu mwenye kazi yake. Ila kumbukeni kwamba hulipwa pale kiwanja kinapouzwa, wala hailipwi subira yenu. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Basi andikeni. Andikeni majina ya mashahidi, vipimo, tarehe na fedha iliyolipwa. Hii ndiyo sababu moja mnajifunza kusoma na kuandika: ili mtu asiwasomee karatasi ya uongo.

Mtauliza: mtu maskini ataanzaje kujuana na watu hao wote? Nasema mmekwisha kuanza. Tazama walioketi pamoja nawe darasani. Mmoja ni fundi mwashi. Mmoja mume wake yuko katika halmashauri ya kijiji. Mmoja ana shamba Kilolo. Mwaka 1973 watu karibu milioni mbili wa nchi hii walikaa katika vikundi kama chenu, wakasikiliza masomo ya redio ya "Mtu ni Afya". Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Redio ilileta habari, lakini kazi ilifanywa na watu waliojuana.

Ninyi nanyi fanyeni hivyo. Mwenzenu akitaka kununua kiwanja, asiende peke yake. Wawili wafuatane naye. Mmoja asome karatasi, mwingine azungumze na jirani.

Kazi ya wiki hii: kila mtu aandike katika daftari lake majina ya watu watano anaoweza kuwauliza habari za ardhi, na mbele ya kila jina aandike jambo analolijua mtu huyo.

Maswali ya kujadiliana:

1. Mzee wa mfano wetu alipaswa kumwona nani kabla ya kulipa?
2. Kwa nini yafaa kukiona kiwanja wakati wa mvua?
3. Mahali penu, mpaka wa shamba hujulikana kwa alama gani? Nani anazijua?
4. Kujuana kwema na rushwa vyatofautianaje?
5. Dalali akisema, "Lipa leo, kesho kuna mwingine," mtamjibu nini?

Kwa herini, ndugu zangu. Mkifika nyumbani, msisahau kumsalimu jirani.