Nyumba ya Wagonjwa wa Akili: Tukiijenga, Iwe ya Namna Gani?

(Hotuba ya walimu wa shule ya kambi katika maadhimisho ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, Lumino, tarehe 10 Oktoba)



Siku hii imekuwa ikiadhimishwa duniani tangu mwaka 1992. Hapa kwetu tunaiadhimisha tukiwa na jambo mezani. Kumetolewa pendekezo kwamba tujenge nyumba moja pembezoni mwa kambi, tuwakusanye humo ndugu zetu wagonjwa wa akili, walale humo, na mlango ufungwe kwa kufuli usiku. Kamati italiamua mwisho wa mwezi. Tumeombwa tulizungumzie.

Kwanza tuwatendee haki waliolileta. Hawana roho mbaya. Wameona mgonjwa akitembea usiku kwenye barabara ya Busia kwenda Majanji, mbele ya magari. Wanajua ziwa haliko mbali. Wameona pia mama anayemfunga mwanawe kamba mguuni ili aende kupanga foleni ya chakula. Mama huyo si mkatili. Hana wa kumwachia, na asipopanga foleni, nyumba nzima italala njaa. Anayempinga mleta pendekezo bila kumjibu mama huyo hajasema kitu.

Lakini wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Nyumba tutakayojenga leo, kesho anaweza kuingia humo yeyote kati yetu. Kwa hiyo tuulize kwanza nyumba za namna hiyo zimefanya nini kwingine.

Katika Afrika Mashariki tumekuwa nazo kwa zaidi ya miaka 100. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Nairobi ilipata yake mwaka 1910, nayo ndiyo Mathari ya leo. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927. Hapa Uganda wagonjwa waliwekwa kwanza katika gereza la Hoima, baadaye wakahamishiwa Mulago, hadi Butabika ilipofunguliwa mwaka 1955. Angalieni mwanzo huo: gereza. Ndiyo maana hata leo mtu akisema nyumba ya wagonjwa wa akili, jambo la kwanza analofikiria ni kufuli. Na shida ya nafasi haijaisha. Butabika ina vitanda rasmi 550, na kwa miaka mingi wagonjwa wamekuwa wakizidi idadi hiyo. Nyumba ikishajengwa hujaa, na ikijaa, matunzo hupungua.

Sasa tuwasimulie mambo mawili yaliyotokea mbali na hapa, ila yangeweza kutokea hapa.

La kwanza lilitokea Erwadi, kusini mwa India. Huko familia zilikuwa zikiwapeleka wagonjwa wao kwenye nyumba za matunzo karibu na kaburi la mtu mtakatifu, kwa matumaini ya kupona. Wagonjwa walifungwa minyororo usiku wasipotee. Alfajiri ya tarehe 6 Agosti 2001 moto ulizuka katika moja ya nyumba hizo. Watu 28 walikufa kwa sababu hawakuweza kukimbia. Minyororo iliwekwa kwa ajili ya usalama wao, na minyororo hiyo ndiyo iliyowaua. Ndugu zetu, sisi tunaishi chini ya turubai na nyasi, na tunapika kwa kuni. Hatuna haja ya kwenda India kujua moto unavyokimbia.

La pili lilitokea Afrika Kusini. Mwaka 2015 idara ya afya ya jimbo la Gauteng ilivunja mkataba na hospitali za Life Esidimeni ili kupunguza gharama, na mwaka 2016 wagonjwa wapatao 1,700 wakahamishwa. Wengi walipelekwa kwenye nyumba za mashirika madogo yasiyo ya serikali. Uchunguzi ulikuta kwamba mashirika 27 yaliyowapokea hayakuwa na leseni halali. Familia nyingi hazikuambiwa ndugu zao wamepelekwa wapi. Watu 144 walikufa. Hawakuuawa na wazimu. Walikufa kwa njaa, kwa kukosa maji, kwa baridi, kwa nimonia na kwa kifafa kisichopewa dawa. Mwaka 2018 aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Dikgang Moseneke, aliamuru serikali izilipe familia fidia. Tunawaomba ndugu zetu wa mashirika wasichukie tukisema hili. Walioendesha nyumba zile wengi wao hawakuwa na nia ya kuua. Walipokea watu wengi kuliko uwezo wao, bila dawa, bila watumishi, na bila mtu wa kuja kutazama.

Basi somo ni nini? Kwa maoni yetu, usalama wa nyumba ya wagonjwa haupimwi kwa jinsi mlango unavyofungwa. Unapimwa kwa jinsi watu wa nje wanavyoweza kuingia na kuona. Hili si wazo letu tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unataka vituo vyote vya kuwahudumia watu hao vikaguliwe na vyombo huru. Na hapa Uganda kuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018. Ukimbizi wetu hautuweki nje ya ulinzi huo.

Kwa hiyo tunatoa masharti yafuatayo. Yasipotimizwa, tunaiomba kamati isikubali nyumba hiyo.

Sharti la kwanza ni mlango. Uwe na komeo la kufunguliwa kutoka ndani, na kuwe na mlango wa pili upande wa nyuma. Asipike mtu ndani ya chumba cha kulala. Mtumishi mmoja awe macho usiku kucha, ndani ya nyumba, si kwenye kibanda cha mlinzi. Tena nyumba isiwe pembezoni mwa kambi. Iwe karibu na zahanati, mahali ambapo mtu akilia atasikika.

Sharti la pili ni uchunguzi. Asiingizwe mtu kwa sababu majirani wamemchoka. Apimwe kwanza na mganga wa zahanati, apimwe na malaria, maana malaria ikipanda kichwani humfanya mtu apayuke kama mwendawazimu. Mwenye kifafa si kichaa. Anahitaji dawa ya kifafa na shule. Na siku mtu anapoingia, iandikwe pia tarehe ya kumwangalia upya. Anayeingia bila tarehe ya kutoka amefungwa kifungo cha maisha bila hakimu.

Sharti la tatu ni mwili. Tumeona waliokufa Gauteng walikufa na nini. Kila mgonjwa apimwe uzito kila mwezi, na uzito uandikwe. Akipungua, aulizwe mtunzaji, asiulizwe mgonjwa. Maji ya kunywa yawepo mchana na usiku, na kila mtu awe na blanketi na chandarua chake. Mgao wake wa chakula umfuate yeye, na jina lake lisifutwe kwenye kadi ya familia, la sivyo siku ya kurudi nyumbani atakuwa mzigo.

Sharti la nne ni watunzaji. Wafundishwe na walipwe. Mtu wa kujitolea asiyelipwa ataondoka msimu wa kulima ukifika, naye haumi mtu kwa kuondoka; ana watoto. Wanawake walale chumba chao, wakitunzwa na wanawake, na mwanamume asiingie humo usiku kwa sababu yoyote. Akina mama wanajua tunasema nini. Mwanamke mgonjwa akisema ameguswa vibaya, ni rahisi kwa watu kucheka na kusema ni maradhi. Neno lake lipelekwe mbele kama neno la mtu mwingine yeyote.

Sharti la tano ni dawa. Ziwe na daftari, na zisikatike. Dawa hizi zina madhara yake. Nyingine hukaza viungo, hutetemesha mikono, hutoa mate. Mgonjwa akilalamika, asikilizwe na muuguzi. Na isitolewe dawa ya kumlaza mtu ili mtunzaji naye alale.

Sharti la sita ni daftari la nguvu. Zipo siku mgonjwa atataka kujiumiza au kumpiga mwenzake, na itabidi ashikwe. Hatukatai. Lakini kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1991 zilikwisha kusema: kumfunga au kumtenga mgonjwa kufanyike pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuzuia hatari ya papo hapo, kwa muda mfupi unaohitajika, chini ya uangalizi wa karibu, na kila mara iandikwe ni kwa nini na kwa namna gani. Familia nayo ijulishwe upesi. Sisi walimu tunajua nguvu ya daftari. Fimbo inayoandikwa hupigwa mara chache.

Sharti la saba ni lugha. Wauguzi wetu wanasema Kiingereza, Kisamia, Kijopadhola. Wagonjwa wetu wengine wanajua Kibembe tu, au Kirundi, au Kiswahili cha Kivu. Mtu asiyeeleweka huonekana kichaa zaidi ya alivyo. Awepo mkalimani aliyeapa kutunza siri, wala asiwe mtoto wa mgonjwa.

Sharti la nane ndilo linaloshika yote: wageni. Familia iruhusiwe kuja siku yoyote. Kule Kongo tumezoea kwamba mgonjwa hospitalini ana ndugu yake wa kumkalia, na ndugu huyo huona kila kitu. Desturi hiyo tusiiache. Tena kamati iteue watu 4 wa kutembelea nyumba bila kutoa taarifa, mchana au usiku, na mmoja wao awe mtu aliyewahi kuugua akapona. Katika hospitali ya Butabika watu waliowahi kuugua wamefundishwa kuwatembelea wenzao waliotoka wodini. Nani atajua harufu ya chumba kibaya kuliko aliyewahi kulala humo?

Mtatuuliza, masharti haya yatatimia lini? Huenda yasitimie mwaka huu. Kwa hiyo tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji matofali. Siku ya mgao, mama mwenye mgonjwa ahudumiwe wa kwanza, au achukuliwe chakula na jirani aliyeandikishwa. Kila mtaa wa kambi uwe na zamu ya watu 2 wa kukaa na mgonjwa saa chache, ili mlezi wake aende shambani au alale. Sisi walimu tutaingia kwenye zamu hiyo siku za Jumamosi. Majina yetu tumekwisha kumpa katibu. Na mashirika tunayaomba mambo mawili tu: dawa zisikatike kwenye zahanati, na iwepo gari ya kumpeleka mgonjwa aliyezidiwa hospitali ya Masafu au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya Mbale, na ya kumrudisha. Kumrudisha ni muhimu kama kumpeleka.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kumalizia, msimamo wetu ni huu. Nyumba yenye kufuli pembezoni, hapana. Nyumba ndogo karibu na zahanati, ya kukaa kwa muda, yenye masharti haya nane yaliyobandikwa ukutani kwa lugha zetu, ndiyo. Na hadi hapo, yule mama afunguliwe mzigo wake kwanza, naye atamfungua mwanawe kamba.