Mazungumzo ya 9: Kijiko, chupa na mtungi

  Kama uko jikoni, usiache kazi yako. Sogeza tu redio karibu, na kama kuna mtoto mkubwa anayejua kuandika, mwambie achukue kalamu, maana leo kuna vipimo.

Siku nyingine huwa tunazungumza juu ya ugonjwa fulani na dalili zake. Leo nataka tuzungumze juu ya vyombo. Sisemi vyombo vya hospitali, wala mashine za bei ghali. Nasema vitu vidogo ambavyo vingine tayari viko nyumbani kwako, na vingine utavipata dukani kwa pesa isiyofika bei ya mkate.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi niliwapa akina mama dawa ya maji ya watoto na kuwaambia, “Mpe kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni.” Mama anaitikia, anashukuru, anaenda zake. Usiku mmoja nikiwa zamu, mama mmoja alirudi mbio akiwa amembeba mtoto wake mgongoni. Mtoto alikuwa amelala usingizi mzito, ukimwita anafungua macho kidogo kisha anayafunga. Mchana huo alikuwa amepewa dawa ya mafua, ile ambayo huleta usingizi. Nilimwuliza mama, “Ulimpa kiasi gani?” Akanijibu, “Kijiko kimoja, kama ulivyosema.” Nikamwomba anieleze kijiko chenyewe. Kilikuwa kile kikubwa cha kulia wali.

Msikilizaji, kijiko kidogo cha dawa hubeba mililita 5. Kijiko kikubwa cha mezani hubeba karibu mililita 15. Kwa hiyo mama yule alikuwa amempa mtoto dawa mara tatu ya kiasi kinachofaa, na alifuata maneno yangu sawasawa. Kosa halikuwa lake. Tulikaa na mtoto hadi alfajiri tukimchunguza pumzi, na kwa bahati nzuri aliamka akilia njaa. Tangu siku hiyo sijasema tena “kijiko kimoja” bila kuonyesha ni kijiko gani.

Hata vile vijiko vidogo vya kukorogea chai havilingani. Kimoja hubeba mililita 3, kingine 6. Kwa hiyo usiviamini. Ndani ya boksi la dawa mara nyingi kuna kijiko cha plastiki au kikombe kidogo chenye mistari. Hicho ndicho cha kutumia, na usikitupe. Kama hakimo, nenda duka la dawa ukaombe sirinji ya mililita 5 bila sindano yake. Ni bomba dogo la plastiki lenye mistari na nambari ubavuni. Nunua mpya iliyo ndani ya karatasi yake. Sirinji iliyokwisha kutumiwa kudungia mtu, au iliyookotwa jalalani, isiingie nyumbani kwako kabisa.

Ukitaka kumpa mtoto dawa, mkalishe mapajani kichwa kikiwa juu kidogo. Usimlaze chali. Ondoa kifuniko kidogo cha sirinji, ukitupe mbali, kwa sababu watoto wamewahi kukimeza na kikawakaba. Weka ncha ndani ya shavu, ubavuni mwa mdomo, kisha sukuma polepole, kidogo kidogo, huku akimeza. Ukiisukuma kwa nguvu kuelekea kooni atapaliwa. Ukimaliza, ioshe kwa maji ya moto kiasi na sabuni, ikauke, uifunge mahali pasafi. Ukimuona muuguzi au mfamasia, mpe kalamu aweke alama kwenye sirinji yako pale ambapo dawa ya mtoto wako inafika. Hata nyanya asiyesoma ataona alama ile.

Jambo hili si la mafua peke yake. Dawa ya homa ya watoto, parasetamo ya maji, wengi wetu huiona kama maji tu. Ikizidi kipimo kwa siku kadhaa huumiza ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima. Ukigundua umezidisha, usisubiri dalili. Chukua mtoto na chupa yenyewe ya dawa, nenda hospitali.

Sasa tuje kwenye chupa. Mtoto akihara, unga wa ORS ndio wa kwanza kukimbilia, pamoja na vidonge vya zinki. Lakini ule unga lazima uchanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu ya pakiti. Hapa Kenya pakiti nyingi ni za nusu lita, yaani mililita 500, na nyingine ni za lita nzima. Soma kwanza, au mwulize anayekupa. Maji yakiwa machache mno, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Yakiwa mengi mno, dawa haina nguvu. Tena usigawanye unga nusu leo, nusu kesho.

Utapimaje nusu lita bila chombo cha kupimia? Chupa ya plastiki ya soda au ya maji iliyoandikwa 500 ml inakutosha kabisa. Ioshe vizuri, uihifadhi na kifuniko chake kwa kazi hiyo tu. Angalia sana, maana chupa ya soda ya glasi, ile tuliyoizoea madukani, ni mililita 300, na ile kubwa ya plastiki inaweza kuwa lita 1, moja na robo au hata 2. Pima maji safi yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa, changanya, kisha mpe mtoto kwa kikombe na kijiko, kidogo kidogo, kila anapohara. Akitapika, ngoja dakika kumi, halafu endelea polepole zaidi. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwage. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zinki hupewa siku zote ulizoambiwa na muuguzi, kati ya 10 na 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Ukiona macho yamezama, hawezi kunywa, amelegea au kuna damu kwenye choo, hapo chupa haitoshi, ni hospitali.

Na maadam tumetaja chupa za soda, niwaombe jambo. Tafadhali msiweke mafuta ya taa, dawa ya kuua wadudu wala jiki ndani ya chupa ya soda. Mtoto anayoijua chupa ile anajua ni tamu. Mafuta ya taa yakinywewa hatari yake kubwa iko kwenye mapafu, ndiyo maana mtoto aliyeyanywa hatapishwi, wala hapewi maziwa kwa nguvu. Anapelekwa hospitali mara moja. Weka mafuta kwenye chombo cha rangi nyingine, juu, mahali ambapo hata wewe unahitaji kunyoosha mkono.

Tumefika kwenye mtungi, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi.

Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona? Kila duka, kila kituo cha matatu, kila kanisa na msikiti palikuwa na ndoo yenye bomba na sabuni. Nilifurahi sana wakati ule, nikadhani mambo yamebadilika. Leo zunguka mtaani kwako uhesabu ndoo ngapi zimebaki. Mabomba yalivunjika, ndoo zikageuka za kufulia. Lakini ugonjwa wa kuhara haukuondoka, na njia yake kubwa ni ile ile, mikono iliyotoka chooni ikaingia kwenye chakula cha mtoto.

Akina mama hunieleza, “Muuguzi, maji ni ya kununua, nitawezaje kunawa mara kumi kwa siku?” Swali hilo ni la haki. Ndiyo maana nawaletea kibuyu chirizi. Wazo hili lilianzia Zimbabwe, ambako walitumia kibuyu halisi, kile wanachokiita mukombe kwa Kishona. Sisi tunatumia mtungi wa plastiki wa lita 5, ule wa mafuta ya kupikia. Maji hutoka kama uzi mwembamba, kwa hiyo mtungi mmoja hunawisha watu wengi, na hushiki kitu chochote kwa mkono. Unakanyaga kijiti kwa mguu, mtungi unainama.

Mwenye kalamu aandike. Tafuta nguzo mbili zenye panda juu, kila moja mita 2 hivi. Zichimbie chini nusu mita, ziachane kama sentimita 70. Osha mtungi vizuri. Pasha msumari moto, utoboe tundu moja dogo upande wa mbele, kiasi cha sentimita 12 chini ya kifuniko. Pitisha fimbo kwenye mkono wa mtungi, uilaze juu ya zile panda mbili. Funga kamba shingoni mwa mtungi, iteremke hadi karibu na ardhi, na huko chini uifunge kwenye kijiti cha kukanyagia. Ncha moja ya kijiti ikae juu ya ardhi, nyingine ining'inie kwenye kamba. Jaza maji mpaka chini kidogo ya tundu, ili mtungi ukiwa wima yasivuje. Kifuniko usikikaze sana, hewa ipite, la sivyo maji hukatika katikati ya kunawa.

Sabuni itoboe katikati, uitundike kwa kamba pembeni, na juu yake ufunike mkebe mtupu isije ikayeyushwa na mvua. Kuku na mbwa hupenda sabuni, kwa hiyo ining'inie. Kama kipande cha sabuni huibiwa, na huibiwa sana penye vyoo vya pamoja, chukua chupa ya plastiki, tia maji na kijiko kimoja au viwili vya sabuni ya unga, toboa kifuniko. Povu hilo linatosha, na hakuna anayeiba maji ya sabuni. Siku ambayo sabuni imekwisha kabisa, jivu safi husaidia kusugua uchafu, lakini lisikufanye usahau kununua sabuni.

Chini ya mtungi mwaga kokoto, maji yasituame pakawa na matope. Mama mmoja alipanda mche wa mgomba hapo karibu na sasa anauza ndizi.

Weka kibuyu chirizi hatua chache kutoka chooni. Ukiweza, weka cha pili karibu na jikoni, kwa sababu watu wengi hunawa wakitoka chooni lakini husahau kabla ya kumlisha mtoto. Na baada ya kumsafisha mtoto aliyejisaidia pia unawe. Kuna watu hudhani choo cha mtoto mchanga hakina madhara. Kina madhara sawa na cha mtu mzima. Kila wiki suuza mtungi kwa maji na mchanga mkavu kidogo, utikise, ukijani wa ndani utoke.

Maji ya kunywa nayo yana mtungi wao. Usitumie sufuria iliyo wazi ambayo kila mtu anachovya kikombe. Mtungi wa mdomo mwembamba, wenye kifuniko, ni bora, kwa sababu mkono hauingii. Mwenye uwezo anunue wenye bomba chini. Ukitia dawa ya klorini, fuata kipimo cha chupa yake, na ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Mtungi uliowahi kubeba rangi, dawa ya shamba au mafuta ya taa hauoshwi ukawa wa maji. Muuzaji wa mitungi iliyotumika akikuapia kwamba ulikuwa wa juisi, unuse kwanza.

Kabla sijaondoka nijibu barua moja. Dada mmoja ameuliza kama kikapu kile cha kuhifadhi moto, kilichojazwa nguo kuukuu au mito, kinaweza kupika maharagwe na kumpunguzia makaa. Ndiyo, kinaweza, na moshi jikoni utapungua. Lakini maharagwe, hasa mekundu, yaloweke usiku, umwage maji yale, kisha yachemke sana motoni kwa dakika kumi au zaidi ndipo uyaingize kikapuni. Maharagwe mekundu yaliyopata joto dogo tu bila kuchemka sawasawa huleta kutapika na maumivu ya tumbo. Na uji wa mtoto usiuache kikapuni kutwa nzima ukiwa vuguvugu. Vijidudu hupenda vuguvugu. Upike mdogo, aumalize.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya chandarua kilichotoboka, jinsi ya kukishona na wakati gani wa kutafuta kingine. Uwe na uzi na sindano karibu. Kwaherini kwa leo.