Nafaka Isitembee Peke Yake: Hotuba juu ya Chakula cha Asubuhi

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya chama cha akina mama, na waume zao wakiwapo.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya chakula cha asubuhi. Najua wako watakaouliza, je, chakula cha asubuhi nacho chahitaji hotuba? Maji huchemshwa, majani ya chai hutiwa, mkate hukatwa, na watoto huenda shule. Lakini jambo hili, ingawa ni dogo machoni petu, hurudiwa kila siku katika maisha ya mtoto. Na wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Wataalamu hugawanya vyakula katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vyakula vya kutia nguvu, kama ugali, mkate, viazi, sukari na mafuta. La pili ni vyakula vya kulinda mwili, yaani mboga na matunda. La tatu ni vyakula vya kujenga mwili, navyo ni maziwa, mayai, nyama, samaki, na jamaa yote ya kunde, kama maharagwe, mbaazi, choroko na njugu. Kitu kilichomo katika fungu hili la tatu kijengacho mwili huitwa protini. Mtu mzima ni kama nyumba iliyokwisha kujengwa. Huhitaji matofali machache ya kuziba palipobomoka. Mtoto ni nyumba ingali ikijengwa, na kila siku mafundi wake hungoja matofali. Yasipoletwa, kazi husimama.

Tukumbuke habari ya ugonjwa wa kwashiorkor. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya watoto waliovimba miguu, wenye ngozi yenye kubambuka na nywele zilizofifia rangi. Mwaka 1935 akaueneza kwa madaktari jina ambalo akina mama wa Kiga walikuwa wakiliita gonjwa hilo. Maana yake ni maradhi yampatayo mtoto aondolewaye kifuani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Wale akina mama walikuwa wameona jambo kwa macho yao wenyewe: mtoto akiachishwa maziwa na kupewa uji mtupu wa mahindi, hudhoofika. Madaktari wa siku hizi wasema kwamba upungufu wa protini si sababu pekee ya ugonjwa huo, kwa maana maradhi ya kuhara na mengineyo huchangia. Hata hivyo fundisho la kutomlea mtoto kwa nafaka tupu lingali imara.

Sasa mtauliza, je, nafaka haina protini? Inayo, lakini ina kasoro. Protini hufanywa kwa vijenzi vidogo vingi, na mahindi yamepungukiwa na viwili katika hivyo, lisini na triptofani. Maharagwe yana lisini kwa wingi, ila yamepungukiwa na kijenzi kingine, methionini, ambacho mahindi yanacho. Basi kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenziwe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wazee wetu hawakuyajua majina hayo, lakini walikijua chakula. Wakikuyu walichemsha mahindi na maharagwe pamoja wakapata githeri. Wakamba wakapika isyo. Waluo wakapika nyoyo. Na huko pwani, watu wa Mombasa hula mahamri kwa mbaazi za nazi, tena asubuhi. Hekima hiyo bado twaitumia mchana na jioni. Kwa wengi wetu ni asubuhi tu ambapo nafaka hutembea peke yake, ikifuatana na chai na sukari. Shauri langu leo ni hili: tuipatie mwenziwe.

Nimechagua chapati za maji, kwa sababu karibu kila mpishi azijua, na watoto huzipenda. Ulaya na Marekani hupika chakula cha namna hii katika chuma chenye mabamba mawili yenye vijumba, nao hukiita waffle. Lakini kwetu kikaango na upawa vyatosha.

Kwa nyumba ya watu sita, pima vikombe 2 vya unga wa ngano. Ukipenda, kimoja kiwe cha ngano na kimoja cha wimbi. Tena kikombe 1 cha maharagwe yaliyopikwa yakalainika, mayai 3, vikombe 2 vya maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, na chumvi kidogo. Ponda maharagwe kwa mwiko mpaka yawe laini kabisa. Piga mayai, uyachanganye na maziwa, kisha tia unga kidogo kidogo huku ukikoroga ili usifanye madonge. Mwisho tia maharagwe na chumvi. Rojo likiwa zito, ongeza maji safi. Liwe la kumiminika, lisiwe jepesi kama maji. Acha litulie robo saa. Pasha kikaango moto, kipake mafuta kidogo, mimina upawa mmoja, tandaza, na kioneka kingo zimekauka, geuza. Utapata chapati 12 hivi. Mwenye kupenda aweza kutia kitunguu na mchicha uliokatwa mdogo mdogo, au ndizi mbivu iliyopondwa badala ya sukari.

Tufanye hesabu. Vikombe viwili vya unga wa ngano vina protini gramu 25 hivi. Ukizipika chapati 12 kwa unga huo, maji na sukari tu, kila chapati itakuwa na gramu 2. Sasa ongeza gramu 18 za mayai matatu, 16 za maziwa, na 15 za maharagwe. Jumla yapata 74, yaani gramu 6 katika kila chapati, ambayo ni mara tatu ya zile za kwanza. Mtoto wa miaka miwili huhitaji kama gramu 13 kwa siku nzima. Chapati mbili za namna hii humpatia karibu zote kabla jua halijapanda.

Lakini yako mambo matatu ya kujihadhari. La kwanza, usisage maharagwe mabichi ukautia unga wake katika rojo. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili iletayo kutapika na kuhara, na dakika chache za kikaangoni haziiondoi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa moto mkali katika maji mapya mpaka yalainike. Njia rahisi ni kupika ya jioni yawe mengi kidogo, na kuweka kikombe kimoja, kilichofunikwa, mahali pa baridi, kwa ajili ya asubuhi.

La pili, nafaka na njugu zenye ukungu zisiliwe. Ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao walifariki. Anikeni mahindi yakauke sawasawa kabla ya kuyaweka ghalani.

La tatu, chai kali inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe. Afadhali mtoto apewe kipande cha chungwa au cha papai, na chai ingoje.

Sasa nawageukia akina baba. Katika nyumba nyingi za mashambani, kuku wapo na ng'ombe yupo, lakini mayai yote huenda sokoni na maziwa yote hupelekwa kuuzwa. Kisha fedha ile ile hununua mkate mweupe na sukari. Simlaumu mtu, kwa maana karo yahitaji fedha, na nguo pia. Lakini angalieni biashara hiyo: twauza matofali, twanunua rangi ya kupaka ukuta ambao haujajengwa. Siwaambii msiuze. Nasema, katika kila kikapu cha mayai kiendacho sokoni, matatu yabaki nyumbani kwa ajili ya watoto, nayo yasihesabiwe kuwa hasara.

Tena iko desturi ya kuzungumza kwa heshima. Hapo kale, kwa mfano kwa Waluhya, wanawake hawakuruhusiwa kula kuku, na katika sehemu kadha wa kadha watoto na akina mama wajawazito walikatazwa mayai. Wazee waliotuwekea miiko hiyo walikuwa na sababu zao, nasi hatuwacheki. Lakini leo twajua kwamba yai moja lina gramu 6 za protini iliyo bora, na kwamba mtoto aliyetimiza miezi sita aweza kupewa yai lililoiva vizuri pamoja na maziwa ya mamaye. Mama mwenye mimba anajenga nyumba mbili kwa wakati mmoja. Kama kuna mtu astahiliye yai katika nyumba, ni yeye.

Na ambaye hana kuku wala ng'ombe asivunjike moyo. Maharagwe pekee pamoja na unga, bila yai wala maziwa, bado hutoa chapati iliyo bora kuliko ya unga mtupu, na kikombe cha maharagwe hakimshindi mtu mwenye kashamba kadogo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jioni hii, mnapochambua maharagwe, ongezeni konzi moja zaidi.