Loki ya Kigari Mbele ya Mchunguzi: Nini Hasa Kinachopewa Hataza?



Nilipoombwa nizungumzie ubunifu na sheria, niliona mada ni pana mno kwa jioni moja. Nimeamua kuipunguza hadi ienee kiganjani. Leo nitazungumzia loki ya kigari cha kukunja: kile kigari cha turubai chenye magurudumu manne na mpini wa kuvutia, ambacho familia hubebea watoto na mizigo ufukweni, kisha hukikunja na kukitia kwenye buti la gari.

Hoja yangu ni hii. Mvumbuzi hujiona anaombea hataza chombo alichokiunda. Ofisi ya hataza, kwa upande wake, hupokea maneno yanayoeleza chombo hicho, na mchunguzi huyapima maneno hayo kwa niaba ya watu wote ambao kesho watazuiwa kuyatumia. Mhandisi asiyejua kuyaandika maneno hayo anaweza kuwa na loki nzuri kuliko zote duniani na bado akarudi nyumbani mikono mitupu.

Kazi mbili za loki

Tuanze na chombo chenyewe. Chini ya turubai kuna fito za chuma zilizopishana na kuunganishwa katikati kwa riveti. Ukivuta ukanda ulioko katikati ya sakafu, fito husimama, magurudumu husogeleana, na kigari kizima hugeuka furushi jembamba. Ukikisukuma chini, hufunguka.

Loki ina kazi mbili zinazovutana. Kigari kikiwa wazi na mtoto yumo ndani, kisijikunje. Mtu anapotaka kukikunja, pengine kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto, kikubali bila mabishano. Loki ikiwa ngumu mno, mtumiaji ataichukia. Ikiwa laini mno, itamsaliti.

Mafundi wamekwisha kupata njia kadhaa. Ya kwanza ni kuiacha sakafu ipite kidogo mstari ulionyooka pale inapoungana, ili uzito wa mzigo uzidi kuibana badala ya kuifungua. Njia hii haina springi wala pini, ila kigari kikigonga jiwe kwa chini, sakafu inaweza kurushwa juu na kurudi upande wa kukunjika. Ya pili ni pini inayosukumwa na springi hadi itumbukie kwenye tundu. Hiyo hushika vizuri, ila inaweza kuingia nusu ikamdanganya mtumiaji kwamba imeshafunga. Ya tatu ni kola inayoteleza juu ya kiungo na kukifunika. Hiyo inaonekana kwa macho, lakini mchanga wa pwani ni adui yake. Ndiyo maana wabunifu wengi huweka loki mbili, ya pili ikilinda makosa ya kwanza.

Hapa ndipo mvumbuzi wetu anapoingia. Ameunganisha kola na pini, amekijaribu kigari chake, na kimeshika. Sasa anataka hataza.

Ombi linapofunguliwa

Ombi la hataza lina maelezo, michoro, muhtasari na madai. Maelezo hufundisha, madai huweka mipaka. Tuseme mvumbuzi wetu ameandika dai lake la kwanza hivi, nami nimelitunga kwa ajili ya mhadhara huu tu:

"Kigari cha kukunja chenye (a) fremu mbili za pembeni, (b) jozi ya fito zilizopishana na kuungana katikati, (c) kola inayoteleza juu ya ufito mmojawapo, na (d) pini ya springi inayoizuia kola isirudi fremu ikishafunguka."

Mchunguzi halitazami dai hili kwa jumla. Hulichambua kipengele kimoja kimoja, kisha huanza msako. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha hataza, vyombo vya magurudumu vinavyosukumwa au kuvutwa kwa mkono viko katika fungu la B62B. Lakini mchunguzi mzoefu haishii hapo. Atapita pia F16C 11/10, mahali pa mbinu za kufunga viungo vinavyozunguka, na atapekua viti vya kambini, ngazi za kukunja na meza za kupigia pasi. Loki haijui imeshikilia mtoto au pasi. Kama tatizo ni lilelile, jibu la jirani linaweza kutumika dhidi yako.

Tuseme amepata nyaraka mbili. Moja ni ya kigari cha mtoto cha zamani chenye a, b na c. Nyingine ni ya kiti cha kukunja ambacho kola yake hushikiliwa na pini ya springi.

Swali la kwanza ni la upya. Je, kuna waraka mmoja wenye vipengele vyote vinne? Hakuna. Dai limevuka.

Swali la pili ndilo linalowaangusha wengi: hatua ya uvumbuzi. Ofisi ya Hataza ya Ulaya hufuata utaratibu maalumu. Huchukua waraka ulio karibu zaidi na dai, ambao hapa ni ule wa kigari cha zamani. Hutafuta tofauti, nayo ni pini. Huuliza pini hiyo inatatua shida gani: inazuia kola isirudi. Kisha huuliza kama fundi wa kawaida wa fani hiyo, akiwa na shida hiyo mezani, angeielekea pini ya kile kiti. Haitoshi kwamba angeweza. Lazima ionekane kwamba angefanya hivyo. Hapa jibu ni ndiyo. Kola inayorudi ni shida ya kawaida, na pini ni dawa yake ya kawaida. Dai linakataliwa.

Wavumbuzi wengi wakipata barua hiyo hudhani mlango umefungwa. Kwa kweli mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza. Mvumbuzi wetu anarudi kwenye maelezo yake na kukuta jambo ambalo hakulipa uzito: tundu la pini amelitoboa kwa mshazari, kiasi kwamba uzito ulioko sakafuni huivuta pini ndani zaidi. Mtoto akiwa amekaa, pini haichomoki hata ukiivuta. Akishashuka, inatoka kwa kidole kimoja. Katika nyaraka zile mbili, hakuna unaofundisha hilo. Analiongeza kwenye dai, na safari hii mchunguzi hana pa kushika.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, mshazari ule ulikuwa umeandikwa katika maelezo tangu siku ya kuwasilisha. Kama usingekuwamo, asingeruhusiwa kuuingiza baadaye, hata kama upo kwenye kigari alichonacho nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, ulinzi wake umepungua. Mshindani atakayetumia kola na pini ya tundu lililonyooka yuko huru, na hiyo ni haki: mambo hayo yalikuwa ya umma kabla mvumbuzi wetu hajafika.

Majaji na vyuma

Swali la hatua ya uvumbuzi halikutungwa na makarani. Mwaka 1851, katika kesi ya Hotchkiss dhidi ya Greenwood, Mahakama Kuu ya Marekani iliangalia vitasa vya mlango vilivyotengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi badala ya mbao au chuma. Ilisema kubadili malighafi peke yake ni kazi ya fundi stadi, na hakumfanyi mtu kuwa mvumbuzi.

Mwaka 1966 mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya Graham dhidi ya kampuni ya John Deere, ambayo wanafunzi wangu wa uhandisi hupenda kwa sababu inahusu jembe la kulimia ardhi yenye mawe. Graham alikuwa na kibano kinachoruhusu mkono wa jembe kuinuka unapogonga jiwe na kurudi chini baadaye. Katika hataza yake ya pili alibadilisha mpangilio: mkono uliokuwa juu ya bamba la bawaba akaushusha chini yake. Mawakili wake walidai kwamba mpangilio huo unauacha mkono unyumbuke kwa uhuru zaidi. Lakini jaji wa kwanza alikuwa ameshaona kwamba kunyumbuka huko hakukuwamo katika madai ya hataza. Mahakama Kuu iliifuta hataza, na ikaacha maswali ambayo wachunguzi wa Marekani huyatumia mpaka leo: nini kilikuwapo kabla, dai linatofautianaje nacho, na fundi wa kawaida wa fani ana ujuzi wa kiwango gani.

Mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex iliyohusu pedali ya gari na kihisi chake cha elektroniki, mahakama iliongeza kwamba fundi wa kawaida naye ana ubunifu wake wa kawaida. Kuunganisha vitu vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ya siku zote, mara nyingi hakuzai hataza.

Upande wa pili wa mizani yupo Mwingereza Owen Maclaren. Alikuwa mhandisi wa ndege aliyeshiriki kuunda magurudumu ya kutulia ya ndege ya Spitfire, ambayo nayo lazima yakunjwe, yakunjuliwe na kufungwa bila kosa. Mwaka 1965 aliombea hataza kigari cha mtoto cha mabomba ya alumini kinachojikunja kwa mkupuo mmoja. Fito, viungo na alumini vilikuwapo kabla yake. Kipya kilikuwa mpangilio ulioviwezesha kukunjika pande mbili kwa wakati mmoja na kuwa furushi la kubebwa mkononi.

Asichokiuliza mchunguzi

Mnunuzi akiona chombo kimeandikwa kwamba kina hataza, hudhani serikali imekithibitisha. Sivyo. Mchunguzi huuliza kama wazo ni jipya, kama lina hatua ya uvumbuzi, kama linaweza kutumika viwandani, na kama limeelezwa vya kutosha. Kama bawaba itaumiza kidole si swali lake.

Novemba 2009 kampuni iliyobeba jina la Maclaren ilitangaza nchini Marekani kurejesha vigari vipatavyo milioni 1, baada ya taarifa 12 za watoto waliokatwa ncha za vidole kwenye bawaba wakati kigari kinafunguliwa. Wazazi walipewa vifuniko vya bawaba. Mikunjo ile ilikuwa imesifiwa kwa miaka mingi. Usalama ni kazi ya taasisi za viwango, kama TBS hapa Tanzania na KEBS nchini Kenya, na mbunifu anatakiwa abishe hodi kwenye milango yote miwili.

Sisi tuna nini hapa?

Tuna mambo matatu.

La kwanza: hataza ina mipaka ya nchi na ya muda. Chini ya mkataba wa kimataifa wa TRIPS hudumu angalau miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa, tena kwa sharti la kulipa ada. Loki iliyolindwa Marekani pekee haimzuii fundi wa Mwanza kuitengeneza na kuiuza Mwanza; itamzuia akiipeleka Marekani. Na ombi la Maclaren la 1965 limeshakuwa mali ya kila mtu.

La pili: maktaba iko wazi. Kwa kawaida ombi huchapishwa baada ya miezi 18, pamoja na michoro yake. Hifadhi ya hataza ya mtandaoni, Espacenet, ina nyaraka zaidi ya milioni 150 na haidai senti. Mwanafunzi anayechora kigari bila kuipekua anafanya kazi ambayo huenda ilimalizika kabla hajazaliwa.

La tatu: njia za kuwasilisha ombi zipo. Tanzania Bara kuna ofisi ya BRELA, Kenya kuna ya KIPI, na shirika la kikanda la ARIPO lililoko Harare huchunguza maombi chini ya Itifaki ya Harare ya 1982 kwa niaba ya nchi wanachama anazozitaja mwombaji. Kila nchi iliyotajwa hupewa miezi 6 kusema kama inaikataa hataza hiyo ndani ya mipaka yake. Kwa maboresho madogo, Kenya hutoa pia cheti cha modeli ya matumizi kwa miaka 10, na hapo hatua ya uvumbuzi haidaiwi. Dai la kwanza la mvumbuzi wetu lililokataliwa lingeweza kupata hifadhi kwa mlango huo.

Kwa hiyo nawaachia maombi. Wanafunzi, msipeleke chombo kwenye maonyesho ya Sabasaba wala kukirusha mtandaoni kabla ya kuwasilisha ombi. Katika nchi nyingi, ulichokionyesha mwenyewe kitatumika dhidi yako. Mkishawasilisha ombi la kwanza, Mkataba wa Paris unawapa miezi 12 ya kwenda nchi nyingine bila kupoteza tarehe yenu. Wanasheria wenzangu, kabla ya kuandika dai, nendeni karakana mkaikunje na kuikunjua loki kwa mikono yenu. Na Kitivo cha Uhandisi, nawasihi kuanzia mwaka ujao wa masomo msipokee mradi wa mwaka wa mwisho usioambatana na ripoti ya msako wa hataza na angalau dai moja lililoandikwa na mwanafunzi mwenyewe. Hilo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji uamuzi wa kikao kimoja.