Kusoma Jiwe Kabla ya Kuchora Njia: Vilima vya Lualaba na Watembeao kwa Miguu



Niliombwa nizungumze juu ya kupanda milima na njia za miguu kwenye milima ya mawe ya chokaa iliyo karibu na mji. Kolwezi haina mlima mmoja mkubwa uliosimama juu ya mapaa yake, kama Meru ulivyo kwa Arusha. Mji wenyewe tayari umekaa juu, kwenye uwanda wa Manika, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Tulivyo navyo ni vilima virefu na vyembamba vinavyofuatana kuelekea mashariki, kupita Tenke na Fungurume hadi Likasi. Jiwe kuu la vilima hivyo ni dolomiti, yaani chokaa iliyoshikana na magnesi, na ndani ya miamba hiyo ndimo shaba na kobalti zilimolala.

Hoja yangu ni hii. Kilima chenye njia inayojulikana, chenye watu wanaokipanda kila juma, kina mashahidi. Kilima kisicho na njia huondoka, na baada ya miaka michache hakuna awezaye kusema kilikuwaje. Mji huu ulianzishwa mwaka 1937 uwe makao ya migodi ya magharibi ya kampuni ya Union Minière. Kwa wengi waliozaliwa hapa tangu wakati huo, Kamoto, Musonoi na Ruwe ni majina ya migodi tu. Ukimwuliza kijana mahali kilipokuwa kilele cha Kamoto, atakuonyesha shimo.

Watu wa kwanza kuzipita njia hizi hawakuwa watalii. Kabla ya reli na kabla ya Wabelgiji, Wasanga na majirani zao walikuwa wakipanda vilima wakati wa kiangazi, mavuno ya mtama yakishaisha. Walichimba malakiti, ile kijani tunayoijua sote, wakaiyeyusha kwenye tanuru za udongo wa kichuguu na kumimina misalaba ya shaba. Ndio wazee walioitwa wala shaba. Misalaba hiyo ilisafiri mbali: wanaakiolojia waliofukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, waliikuta imelazwa pamoja na maiti. Baadaye Msiri, kutoka Bunkeya, alijenga ufalme wake kwa biashara hiyo hiyo na nyinginezo hadi alipouawa Desemba 1891. Kwa hiyo vilima hivi vilikuwa na njia zamani sana. Zipo nyingine ambazo bado zinatumiwa na akina mama wanaotafuta kuni na uyoga, na mtu anayetaka kuchora njia mpya aanze kwa kuwauliza hao.

Sasa tuje kwenye jiwe, maana hapa ndipo wenye ramani nzuri hukosea. Wanajiolojia wa migodini wamezipa tabaka za vilima vyetu majina ya herufi, na mfanyakazi yeyote wa zamani wa kampuni ya madini ya Gécamines anazijua: RAT, D.Strat, RSF, RSC, SD, CMN. Ukipanda kilima kutoka chini unazikanyaga moja baada ya nyingine, japo si kwa mpangilio huo kila mara. Hapa Kolwezi mikunjo ya ardhi ya zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita ilizivunja tabaka hizo vipande vipande, ikavisukuma vipande vyenyewe juu ya miamba iliyo michanga kuliko vyenyewe. Ndiyo maana kilima kimoja kinaweza kuinamia mashariki na jirani yake kikasimama wima.

RAT ni mwamba wa udongo na talki. Siku kavu haukusumbui. Mvua ikinyesha, talki ile huteleza kuliko kitu chochote, na njia inayoshuka moja kwa moja juu ya RAT itamvunja mtu mguu mwezi wa Desemba. Njia ya namna hiyo lazima izunguke, ipande kwa mshazari. SD ni mwamba wa tabaka nyembamba zinazobomoka mkononi. Miguu ya watu mia moja inatosha kuanzisha korongo. Lakini RSC, mwamba wa silika uliojaa matundu, ndio uti wa mgongo wa vilima vyetu. Ulikuwa dolomiti iliyojengwa na viumbe vidogo vya baharini, kisha silika ikachukua nafasi ya chokaa. Mvua haiuyeyushi upesi, kwa hiyo miamba laini ya pembeni inapoliwa, huo unabaki umesimama. Ukiona kilima cha Lualaba chenye ukingo wa mawe ya kijivu kileleni, karibu kila mara unaitazama RSC.

Kwa mtembeaji jambo hili lina faida ya pekee. Madini yetu yamekaa katika mikanda miwili, mmoja chini ya RSC na mwingine juu yake. RSC yenyewe mara nyingi haina kitu cha kumvuta mchimbaji, ingawa karibu na uso wa ardhi matundu yake huweza kujaa malakiti na heterojeniti, ile nyeusi yenye kobalti. Kwa hiyo visima vya wachimbaji wa mikono viko zaidi kwenye mabega ya kilima, pande zote mbili za ukingo. Visima hivyo ni vyembamba, vinashuka makumi ya mita, na vilivyoachwa hufunikwa na nyasi katika msimu mmoja wa mvua. Kanuni ya kwanza ya njia za Lualaba iwe hii: pita juu ya ukingo, usipite begani. Na kama kilima kimetobolewa hadi ukingoni, kisiwekwe kwenye orodha, hata kiwe na mandhari nzuri namna gani.

Watu wengi wanadhani vileleni hakuna miti kwa sababu imekatwa. Sehemu nyingine ni kweli, makaa yamekula miombo kuzunguka mji wote. Lakini kwenye vilima vya shaba upara ule ni wa asili. Udongo una shaba nyingi mno kwa miti ya miombo, na mahali pake pameshikwa na nyasi na maua yaliyozoea sumu hiyo. Haumaniastrum katangense ndilo maarufu kuliko yote; linapenda udongo uliochafuliwa na shaba kiasi kwamba limewasaidia watafiti kugundua mahali pa tanuru za kale. Wataalamu kama Paul Duvigneaud na François Malaisse walitumia miaka mingi kuorodhesha mimea hii. Kadhaa kati yake haimei mahali pengine popote duniani ila katika ukanda huu wa shaba, na mingine iko kwenye vilima vichache tu. Kilima kikichimbwa chote, aina nzima ya ua inaweza kwisha nacho. Kwa hiyo watembeaji wasitawanyike upana wa mita tano huku wakichuma. Njia iwe ya mguu mmoja, na iwekewe mawe pembeni pale inapovuka uwanda wa maua.

Nje ya vilima vya shaba tuna sehemu mbili ninazozipendekeza bila kusita. Ya kwanza ni Nzilo, kaskazini ya mji, mahali mto Lualaba unapouacha uwanda na kuingia korongoni. Mto huo unashuka mita 450 hivi katika kilomita 70 na kitu. Bwawa la Nzilo lilijengwa miaka ya 1950, na watu wa Kolwezi hulijua ziwa lake kwa samaki na kwa mapumziko ya Jumapili, lakini wachache hutembea kingo za juu. Jiwe la pale si chokaa. Ni mwamba mgumu wa mchanga wa kale, mkongwe kuliko dolomiti zetu, na mguu unashika vizuri. Ya pili ni uwanda wa Biano, uliopanda juu kuliko Kolwezi, nyasi tupu na upepo. Usiku wa Juni na Julai kule ni baridi kali, na asiyechukua blanketi atajuta. Nitazitaja pia hifadhi za Kundelungu na Upemba: ya kwanza ina maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300, na ya pili, hifadhi ya tangu 1939, ina ukubwa unaopita nchi kadhaa. Lakini zote mbili ni safari ya siku nyingi, na Upemba hakuna kuingia bila ICCN, taasisi ya taifa ya hifadhi, kukubali na kutoa walinzi.

Juu ya majira nitasema machache. Mei hadi Agosti ndio wakati wetu. Septemba miombo huchipua majani mekundu na ni kipindi kizuri kuliko vyote kwa macho, ila moto wa nyika unawaka kila mahali. Kundi lisiingie bondeni bila kujua upepo unakoelekea. Tangu Novemba radi huanza mchana, na kilele kipara cha RSC si mahali pa kumngoja mtu aliyechelewa. Wote wawe wameshashuka kabla ya saa sita mchana.

Maji yanayotoka chini ya kilima cha shaba yasinywewe, na chakula kisiwekwe juu ya udongo. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha vipimo vya mtaa wa Kasulo, hapa hapa mjini, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba: ilikuwa nyingi katika miili ya wakazi, hasa watoto. Makundi ya shule yanawe mikono kabla ya kula na kuacha mawe mazuri mahali pake. Walimu, tafadhali msilichukulie hili kama jambo dogo.

Nani aongoze? Kwa maoni yangu, wachimbaji wa zamani. Wanajua kilima ndani na nje, wanatambua kisima kilichofunikwa kwa rangi ya majani tu, na wengi wanatafuta kazi nyingine. Kule Kibati, chini ya Nyiragongo, upandaji wa volkano uliwalisha wapagazi na familia zao kwa miaka, pale usalama uliporuhusu. Katika mapango ya Amboni karibu na Tanga, nayo ni ya chokaa, mgeni haingii bila kiongozi anayejua ni njia ipi inatoka upande wa pili. Vijana wa Kolwezi wanaweza kufanya kazi hiyo wakifundishwa huduma ya kwanza na kupewa kamba, kofia na barua ya chifu wa kijiji.

Linabaki swali gumu, la ardhi. Karibu kila kilima cha shaba katika jimbo hili kimo ndani ya kibali cha kampuni fulani. Kupanda bila ruhusa ni kuwaweka watoto mbele ya walinzi wenye silaha, na hilo silikubali. Lakini kampuni hazina haki ya kukaa kimya pia. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inazitaka ziandikiane na jamii daftari la majukumu, tena zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya wenyeji. Fedha hizo zimejenga shule na visima vya maji, na zinastahili kuendelea hivyo. Njia ya miguu yenye alama, ukuta mdogo unaozuia mtu asianguke kisimani, na kilima kimoja kilichoachwa na maua yake ni gharama ndogo sana kando ya hizo.

Huko Fungurume vilipatikana vilima ambavyo mimea yake ilisomwa na kupandikizwa kwa msaada wa wanasayansi kabla ya mashine kuingia. Hiyo ni bora kuliko kutofanya lolote, lakini ua lililohamishwa kwenye kitalu haliwezi kupandwa na mtoto wa Manika siku ya likizo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wajumbe wa kamati za wenyeji mliopo hapa ni moja. Kabla daftari linalofuata halijatiwa sahihi, andikeni ndani yake jina la kilima kimoja, mahali njia yake inapoanzia, mahali inapoishia, na siku ambazo watu wataruhusiwa kukipanda. Msitie sahihi karatasi isiyo na jina la kilima.